Wenzangu wameondoka. Je, akili unde (AI) itanitosha?

Swali: "Shikamoo dada. Nina miaka 26, naishi Tanga. Kwa miaka miwili mimi na wenzangu wawili tumekuwa tukirekodi wazee wa huku: waliokata mkonge enzi hizo, wavuvi, mafundi wa reli. Mimi nahoji na kusimulia, mmoja alikuwa anahariri sauti, mwingine anatengeneza majalada na maelezo ya Kiingereza kwa wasikilizaji wa nje. Mwaka huu wote wawili wamepata ajira, mmoja Dar, mwingine Arusha. Nimebaki na simu, kinasa sauti kimoja, laptopu yenye RAM ya GB 8 na kama saa 40 za mahojiano ambayo hayajaguswa. Kila ninayemweleza ananiambia siku hizi akili unde inafanya yote. Kweli naweza kuendelea peke yangu? Nianzie wapi, na wapi nisiiguse?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuachiwa kazi ya watu watatu. Nimehariri sauti kwa miaka 22, tisa ya mwisho nikijitegemea, kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyepita hapo ulipo. Ndiyo, unaweza kuendelea. Zile saa 40 ndizo zinazonifanya niseme ndiyo haraka hivi, maana baadhi ya wazee hao hutawapata tena uwahoji upya.

Nakupa kipimo kimoja ambacho ningependa ningekuwa nacho mwanzoni. Kabla hujaikabidhi mashine kazi yoyote, jiulize: kazi hii inahitaji kujua Kiswahili? Kama haihitaji, iachie uende ukalale. Kama inahitaji, ichukulie kama kibarua aliyeshuka basi jana usiku: ana nguvu, ana haraka, halalamiki, lakini hamjui mtu hata mmoja hapo mtaani. Utamtumia, ila utasimama karibu naye.

Nianze na upande wenye nafuu. Sehemu kubwa ya kazi ya mwenzako mhariri haikuwa ya lugha. Kuondoa mvumo wa feni, kuilinganisha sauti ya mzee anayenong'ona na yako iliyo karibu na kipaza sauti, kupunguza mwangwi wa nyumba ya bati, kukata kikohozi. Nilipoanza, kipindi cha nusu saa kilinila siku nzima kwa mambo hayo tu. Leo programu za kusafisha sauti zinayamaliza kabla chai haijachemka. Na huhitaji kitu cha gharama: Audacity ni ya bure, ipo tangu mwaka 2000, na kwa kukata na kupanga inakutosha kabisa. Ukimaliza, fikisha sauti yote kwenye -16 LUFS (LUFS ni kizio cha kupimia ukubwa wa sauti), kiwango ambacho Apple wanakipendekeza kwa podikasti, ili msikilizaji aliye kwenye daladala asilazimike kupandisha na kushusha sauti kila dakika.

Hata hapa, hata hivyo, lugha inachungulia mlangoni. Programu hizi nyingi zimejifunzia kwa wasemaji wa Kiingereza. Kiswahili kina ile m inayosimama peke yake kama silabi: mtu, mkonge, mzee. Mtu wa miaka 80 huitamka midomo imefumbwa, taratibu, kama mvumo, na mvumo ndicho kitu hasa ambacho programu imetumwa kukifuta. Nimeshasikia "mkonge" ukitoka "konge". Nimeshasikia pia "mzee" ikitoka "zee", na wewe unajua hilo lina maana gani kwetu. Kwa hiyo usisafishe kwa nguvu zote. Weka nusu, sikiliza kwa spika za masikioni, na ukikuta herufi imemezwa, rudisha sehemu hiyo ilivyokuwa. Afadhali feni isikike kidogo kuliko mzee avunjiwe heshima.

Na kwa mahojiano mapya, nusu ya usafi inafanyika kabla hujabonyeza kitufe. Omba feni izimwe. Tundika khanga mbili tatu ukutani au simamisha godoro nyuma ya mzee. Kipaza sauti kiwe shibiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isipige. Rekodi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, usitumie MP3. Kisha waombe wote wanyamaze nusu dakika, urekodi ukimya wa chumba kile. Siku ya kuhariri utanishukuru.

Sasa kwenye maandishi, ambako utaokoa muda mwingi kuliko kwingine kote na ambako pia ndiko unakoweza kuharibu. Nikiandika kwa mkono, saa moja ya mahojiano hunichukua kama saa tano. Zako 40 ni saa 200, zaidi ya mwezi mzima wa kazi. Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi ambayo kampuni ya OpenAI waliitoa Septemba 2022 na kuiacha wazi kwa yeyote, ukishaipakua inafanya kazi ndani ya laptopu yako bila bando. Inakuja kwa ukubwa mbalimbali. Ule mkubwa kabisa utailemea mashine yako, jaribu wa kati. Iwashe usiku, asubuhi utakuta maandishi.

Elewa tu ilivyofundwa. Ilisikilizishwa saa 680,000 za sauti, na katika hizo ni 117,000 tu zilizogawanywa kwa lugha 96 zisizo Kiingereza. Kiswahili kimo humo, lakini fungu lake ni dogo. Wapo wanaojitahidi kuliziba pengo hilo, kwa mfano Waswahili waliojitolea kusoma sentensi kwenye Common Voice, mradi wa Mozilla wa kukusanya sauti za kufundishia mashine, na kazi yao naiheshimu sana. Lakini kijana anayesoma sentensi kwenye simu hazungumzi kama bibi wa Pangani anayekumbuka masika ya utotoni mwake.

Na Tanga yako ndiko kunakoonyesha hili waziwazi. Mzee wa mkonge atakwambia, "mimi nilikuwa korona." Sisi tunajua anasema kiwandani, pale majani yalipokamuliwa yakatoka nyuzi, jina lililobaki kutoka kwenye mashine zenyewe. Kompyuta inaijua korona moja tu, ile ya mwaka 2020. Atasema alikuja kama manamba, kibarua wa mkataba aliyeitwa kwa namba yake badala ya jina, nayo itaandika "mamba". Atataja SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyokusanya vibarua kutoka mikoa ya mbali, nayo itaandika "silabi".

Hili nalisema kwa uchungu. Miaka mitatu iliyopita nilitoa kipindi cha mzee mmoja wa huko kwenu. Nilikuwa peke yangu, nimechoka, nikayachukua maandishi ya mashine, nikayatafsiri kwa mashine, nikaweka manukuu ya Kiingereza bila kuyapitia. Manukuu yakasema mzee alipoteza vidole viwili wakati wa ugonjwa wa korona. Alivipoteza korona, kwenye mashine, mwaka 1961, na hakulipwa kitu. Binti yake alinipigia simu. Hakufoka. Aliniuliza kama nilikuwa nimemsikiliza baba yake. Nilikuwa nimemsikiliza, siku nzima, kibarazani kwake, na bado nilikuwa nimemsemea uongo kwa lugha ambayo yeye hawezi kuisoma akanisahihisha. Niliyaondoa manukuu siku ileile, nikayaandika upya kwa mkono.

Kwa hiyo, kabla hujaiwasha Whisper, kaa na daftari. Andika maneno ya shambani, ya reli, ya bahari, majina ya mashamba na stesheni, majina ya samaki. Programu inakubali kupewa mistari michache ya utangulizi kabla haijaanza kusikiliza. Tia humo yale maneno ishirini yanayojirudia zaidi. Haitapata yote, lakini makosa yatapungua. Daftari lenyewe, nakwambia, baada ya mwaka litakuwa na thamani kama rekodi zako.

Kuna jambo zito zaidi. Whisper ikikutana na ukimya, mara nyingine hutunga maneno. Watafiti wa Marekani waliochapisha matokeo yao mwaka 2024 walipima rekodi za Kiingereza wakakuta kama asilimia 1 ya vipande vina sentensi ambazo hakuna aliyezisema, na tatizo lilikuwa kubwa zaidi kwa watu wanaosita kwa muda mrefu katikati ya maneno. Fikiria wazee wako. Ukimuuliza mzee habari za ndugu yake aliyezama, hatajibu hapohapo. Atatazama bahari kwanza. Ukimya ule ni sehemu ya jibu, na hapo ndipo mashine inaweza kuchomeka sentensi iliyonyooka vizuri kabisa usiishtukie. Jiwekee sheria: maandishi ya mashine ni ramani ya kukuonyesha kitu kiko dakika ya ngapi. Sentensi yoyote utakayoinukuu, uisikie kwanza kwa sikio lako.

Maelezo ya Kiingereza unaweza kuyapata kwa mashine, na yatakuwa mazuri kuliko unavyodhani, mradi uyakague kwa macho ya Kiswahili. Mambo mawili yatakukwaza kila mara. La kwanza ni saa. Mvuvi akisema walitoka saa nane usiku, mashine itaandika saa nane kamili za Kizungu, na msikilizaji wa London ataamini waliingia baharini mara baada ya chakula cha jioni, wakati mvuvi anasema habari za usiku wa manane. La pili ni "yeye". Kiswahili hakituambii kama ni mwanamke au mwanamume, mashine inabahatisha, na ikibahatisha kuhusu fundi wa reli au nahodha huchagua mwanamume. Nimekuta bibi aliyekuwa mwuza samaki sokoni kwa miaka 40 akigeuzwa babu katikati ya aya. Tafuta kila kiwakilishi, kimoja kimoja, kabla hujachapisha.

Majalada sitayakawiza. Usitumie picha za kutunga kwa kazi hii. Niliwahi kuomba ngalawa nikapewa mtumbwi wenye mrengu upande mmoja, tanga limefungwa kwa namna ambayo lisingeshika upepo wowote duniani. Mvuvi wako ataiona picha hiyo na atajua kuwa hukujali. Una simu: piga picha ya mikono ya mzee, ya panga lake la kukatia mkonge, ya mlango wa nyumba yake. Akili unde ikusaidie kurekebisha mwanga na kupanga maandishi juu ya picha, basi.

Nakusihi jambo moja kuhusu sauti. Zipo programu zinazoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia sekunde chache tu, na utashawishika. Mzee amekosea mwaka, anarudiwa na kikohozi neno linapofikia utamu, ungeweza kumtengenezea sentensi moja safi. Usifanye, hata kama mwenyewe amekubali. Thamani yote ya kazi yako ni kwamba mjukuu akiisikiliza, aliyesema ni babu. Siku utakapotia sentensi moja ambayo hakuisema, zile saa 40 zote zinakuwa na shaka. Ukihitaji kusahihisha mwaka, sahihisha kwa sauti yako mwenyewe kwenye usimulizi. Na sauti yako nayo usiiuze kwa mashine kwa sababu umechoka; wanaokusikiliza wanamjua msichana wa Tanga, lafudhi yake na pumzi zake.

Sheria nayo iko upande wa tahadhari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inagusa pia kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na ukipandisha mahojiano kwenye programu ya mtandaoni ndicho unachofanya: sauti ya mzee, jina lake, ugonjwa wake, ugomvi wake wa shamba, vyote vinakwenda kwenye seva ambayo huijui iliko. Ndiyo maana nimekusisitizia programu zinazofanya kazi ndani ya laptopu. Ukilazimika kutumia ya mtandaoni, mweleze mzee kwa Kiswahili chepesi, akubali, na urekodi kukubali kwake mwanzoni mwa mazungumzo.

Kuhusu umiliki na kipato, mambo mawili yatakufaa. Februari 2023 ofisi ya hakimiliki ya Marekani iliamua kuhusu kitabu cha katuni kwamba maandishi na mpangilio wa mwandishi vinalindwa, lakini picha zilizotolewa na Midjourney, programu ya kutunga picha, hazilindwi; na Machi 2025 mahakama ya rufaa ya huko ikathibitisha kwamba kazi iliyoundwa na mashine peke yake haina hakimiliki, kwa kuwa mtunzi lazima awe binadamu. Hiyo ni Marekani, lakini majukwaa mengi tunayotumia yako huko. Upande wa YouTube, ili ugawane mapato ya matangazo kwa njia ya video ndefu unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na tangu 15 Julai 2025 wameiweka wazi sera yao dhidi ya maudhui yanayozalishwa kwa wingi kwa mtindo mmoja. Watakaojaza chaneli kwa hadithi za mashine watashindana wao kwa wao kwa bei ya kutupwa. Wewe una kitu ambacho hakuna mwingine anaweza kukipata bila kwenda kukaa kibarazani. Usikigeuze kifanane na cha kila mtu.

Nimefika kwenye lile ambalo hukuliuliza. Mwenzako alipokuwa anahariri hakuwa mikono tu. Nina hakika kuna siku alikwambia kipande hiki kinachosha, au mzee huyu umemkatiza alipokuwa anataka kusema jambo. Hiyo kazi ya kukukatalia ndiyo inayopotea mtu anapobaki peke yake, na programu za mazungumzo hazijajifunza kuifanya. Zinasifia. Aprili 2025 OpenAI wenyewe walilazimika kuliondoa toleo jipya la ChatGPT siku chache baada ya kulitoa, kwa sababu lilikuwa linakubaliana na watu na kuwasifu kupita kiasi. Ukiipa simulizi yako itakwambia inagusa moyo. Haijui kwamba dakika ya kumi na mbili umerudia swali lilelile kwa sababu hukumsikia mzee alipojibu mara ya kwanza.

Zitumie kwa mambo madogo yenye jibu: nipangie hizi dondoo kwa mfuatano wa miaka, nionyeshe wapi tarehe mbili zinagongana, nitengenezee vichwa kumi nichague. Lakini hukumu itoke kwa mtu. Muda utakaoupata kutokana na kusafisha na kuchapa, tenga saa mbili kwa kila kipindi umlipe mwenzako wa Dar asikilize toleo la karibu na mwisho. Mtumie faili, akurudishie ujumbe wa sauti, mlipe hata kidogo, tena mlipe kwa wakati, ili asione anakufanyia hisani na aweze kukwambia ukweli. Atakuwa anakufanyia sehemu ndogo ya kazi aliyokuwa akiifanya zamani, ile iliyo ngumu kuliko zote.

Usikilizaji wa pili uwe wa mzee mwenyewe au mtu wa nyumbani kwake. Nenda na spika ndogo, mketi, msikilize pamoja kabla hujatoa kipindi. Nilianza kufanya hivyo baada ya ile simu ya binti, na sijatoa kipindi tena bila hilo. Inachukua mchana mmoja. Mara nyingi mzee anasahihisha jina, na mara nyingi zaidi anakumbuka kitu kipya, kwa hiyo uwe na kinasa sauti mkononi.

Kwa wiki zako za mwanzo basi: usilipie programu yoyote kwa dola. Nakili saa zote 40 kwenye diski mbili, moja ikae nyumba nyingine. Kisha chagua mahojiano ya mzee mwenye umri mkubwa kuliko wote, hata kama si matamu kuliko yote, uanze na hayo. Andaa daftari la maneno, yapitishe kwenye Whisper usiku mmoja, uyasikilize yote siku inayofuata ukiwa na maandishi mbele yako na kalamu nyekundu. Hiyo siku itakuwa ndefu. Usiikatize.

Ukimaliza, nitumie dakika tano za mwanzo kwa namna mbili, kabla ya kusafisha na baada ya kusafisha. Nataka kuzisikia zile m.